Je, Wajua Kwa Nini Nywele za Rilaksa Hukakamaa Zikijikaukia Zenyewe?

Umeosha kichwa Jumamosi asubuhi, stima ikapotea kabla draya haijachomekwa, nywele ukaziacha zijikaukie. Kufika saa kumi jioni zimekuwa ufagio: mizizi imefura, ncha zimepauka na kila moja imeelekea kwake, na chanuo likipita linasikika. Wengi hapo huulaumu upepo na kuapa kutorudia. Lakini nywele hizohizo, kwa maji yaleyale, zinaweza kukauka bila draya zikabaki laini na zimelala. Mambo huamuliwa katika saa moja ya kwanza, zikiwa bado zimelowa. Yanayoamua ni mawili: kilichobaki juu ya unywele, na mkao wake wakati maji yanatoka.

Tuanze na mkao. Unywele ni protini iitwayo keratini, na nyuzi za protini hiyo zimeshikamana kwa vifungo vya aina kadhaa. Vilivyo imara ni vya salfa, ndivyo vinavyoupa unywele mviringo wake wa kuzaliwa. Rilaksa, yaani dawa ya kunyoosha nywele, ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya kati ya 12 na 14, na kazi yake ni kuvivunja vifungo hivyo na kuvigeuza kuwa vya aina nyingine isiyorudi nyuma. Ndiyo maana sehemu iliyonyooshwa haijikunji tena hata ukiiosha mara mia. Vifungo vingine ni vya haidrojeni, navyo ni dhaifu: maji huvifungua, ukavu huvifunga upya. Unywele ukikauka umejipinda, vifungo hivyo vitaushikilia hivyo hivyo mpaka ulowe tena.

Saluni, anayekupiga blodrai anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Anakausha, na anaunyoosha unywele kwa brashi vifungo vinapojifunga. Hewa ya chumbani inakausha tu. Kuunyoosha umeachiwa wewe, na asipoifanya mtu kazi hiyo, kila unywele unajifungia mahali ulipoangukia.

Sasa kilicho juu ya unywele. Ngozi ya nje ya unywele ni magamba madogo sana yanayolaliana, na juu ya magamba kuna utando mwembamba wa mafuta ulioshikamana nayo tangu unywele ulipoota. Alkali ya rilaksa huubandua utando huo. Baada ya hapo maji huingia kwa wepesi, unywele huvimba zaidi ukilowa, na magamba yasiyo na kitu juu yake hukwaruzana. Ulaini unaousikia kwa vidole ni utelezi wa magamba hayo, si wingi wa maji yaliyomo ndani. Mtu anayejipulizia maji kila asubuhi akidhani ananywesha nywele hupata ulaini wa nusu saa, kisha zinakauka upya katika mkao wowote na ugumu unarudi pale pale. Kinachohitajika ni kitu cha kuchukua nafasi ya utando uliobanduliwa.

Kitu hicho ni kondishona, na haifanyi kazi kwa bahati. Unywele ulioumizwa na dawa una chaji hasi nyingi. Viambato vikuu vya kondishona nzuri vina chaji chanya, hivyo hunata hasa pale palipoumia na kubaki hata baada ya kusuuza. Geuza chupa usome: ukiona majina kama behentrimonium au cetrimonium karibu na mwanzo wa orodha, baada ya maji, hiyo inafaa. Usiogope ukikuta cetyl alcohol au cetearyl alcohol. Hizo ni alkoholi za mafuta, hulainisha. Zinazokausha ni kama alcohol denat, nazo hupatikana zaidi kwenye sprei na jeli za kushikilia nywele.

Kuna ugumu mwingine ambao kondishona haiuwezi. Rilaksa nyingi za boksi, zile za kuchanganya krimu na kichupa cha maji kabla ya kupaka, hutumia haidroksaidi ya kalsiamu. Mchanganyiko ule ukitengeneza dawa yenyewe, huacha pia kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo chaki. Chaki hiyo hukaa juu ya magamba, nywele zikawa butu, kavu, na kila unachopaka kinakaa juu bila kushika. Dawa yake ni shampuu ya kuondoa madini, yenye EDTA (kemikali inayonasa madini) kwenye orodha ya viambato, mara moja kwa mwezi na pia wiki moja baada ya kuritachi, yaani kupaka dawa mizizi mipya. Iache kichwani dakika tatu hadi tano, suuza, kisha usiruke kondishona, kwa sababu shampuu hiyo haina huruma.

Maji nayo yana lake. Ya bomba ya Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, ni mepesi na povu huja upesi. Ukiwa kwenye ploti inayotegemea kisima au bauza, unaweza kupata ya chumvi, sabuni ikagoma kutoa povu na nywele zikatoka zikikwaruza hata kabla hazijakauka. Hapo osha kwa maji uliyo nayo, lakini weka lita mbili za maji mepesi, ya bomba au ya mvua, kwa ajili ya suuzo la mwisho. Ukiyatia vijiko vinne vya chai vya siki nyeupe, magamba yatalala zaidi. Usizidishe. Siki nyingi haiongezi faida, inaongeza harufu.

Sasa hatua zenyewe. Vipimo hivi ni vya nywele zinazofika mabegani. Zikiwa fupi punguza kwa nusu.

Nusu saa kabla ya kuosha, paka kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya nazi kuanzia katikati hadi nchani. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa machache yanayoingia ndani ya unywele, na hupunguza protini inayotoka wakati wa kuosha. Gawa nywele mafungu manne, ubane kila fungu, uoshe fungu kwa fungu ukielekeza vidole chini. Kuzirundika zote utosini na kuzisugua kama unafua soksi ndiko kunakoleta mafundo, na mafundo yakikauka hayafunguki bila kukatika.

Kondishona ya kusuuza iwe vijiko vitatu hadi vinne vya mezani. Chanua nayo ikiwa kichwani, kwa chanuo la meno mapana, ukianzia nchani na kupanda. Hapa ndipo pa kuchana kwa subira yako yote, kwa sababu baada ya hapa hutakiwi kuchana sana: nywele za rilaksa zikilowa hupoteza nguvu na huvutika, na chanuo linalorudiarudia linazikata katikati. Iache dakika kumi na kofia ya plastiki, kisha suuza mpaka nywele ziteleze bila kuacha ute mkononi.

Taulo liweke kando. Vitanzi vyake hukwaruza magamba na kuzichangamanisha nywele. Chukua fulana ya pamba, hata ile ya mtumba ya Gikomba iliyokwisha kuchakaa, ikunje kichwani ukiminya bila kusugua, uiache dakika kumi hadi kumi na tano. Lengo ni nywele ziache kutona. Ukipaka kitu zikiwa bado zinatiririka, nusu yake itaishia mabegani; ukingoja zikauke nusu, mkao umeshaanza kujifunga bila wewe.

Zikiacha kutona, kila fungu lipate nusu kijiko cha chai cha kondishona isiyosuuzwa, yenye maji kama kiambato cha kwanza. Ipake kwa viganja viwili vilivyoubana unywele, kutoka juu kwenda chini. Halafu mafuta mepesi au seramu ya silikoni, matone mawili kwa fungu, zaidi kwenye ncha. Silikoni imesemwa vibaya sana mitandaoni, lakini kwa nywele za rilaksa ni rafiki: hutandaza utelezi badala ya utando ule uliobanduliwa, na shampuu huitoa. Mafuta ya mgando na ya nyonyo ni mazito kwa kazi hii. Yanagandisha nywele pamoja, na vumbi la barabarani linafuata.

Sehemu inayosahaulika na wengi ni skafu. Chana nywele mara moja kwa mwelekeo unaotaka zilale, gawa njia yako, laza pembeni kwa brashi laini, kisha funga skafu ya satini kuzunguka kichwa, kutoka paji la uso hadi kisogoni, ikigusa mizizi yote huku urefu ukining'inia huru nyuma. Ikaze kiasi cha kulala bapa, isiume. Iache dakika thelathini hadi arobaini na tano. Mizizi ndiyo inayofura kwanza na ndiyo inayofanya kichwa kizima kionekane hakijatengenezwa. Ikijifunga ikiwa bapa chini ya satini, kazi kubwa imekwisha. Ukiitoa mapema, mizizi ikiwa bado na ubaridi wa maji ukiigusa, itainuka mbele ya macho yako.

Urefu unaoning'inia usiuguse. Mkono unaopitapita kila dakika ndio unaotenganisha nyuzi na kuleta timutimu. Zikifika kama robo tatu ya kukauka, yaani juu zimekauka lakini ukibana fungu kiganjani unasikia ubaridi, suka mabutu mawili au manne malegevu, au zungushia rola kubwa. Ncha zizungushie kidole na kuzibana ndani. Hivyo zitamalizia kukauka zikiwa zimenyooshwa kwa uzito mdogo na mawimbi yatakuwa mapana. Kuzisuka zikiwa zimelowa kabisa ni kuzifungia maji ndani. Utazifungua kesho zikiwa bado baridi katikati.

Muda pia una mipaka. Utafiti uliofanyika Korea Kusini na kuchapishwa mwaka 2011 ulilinganisha nywele zilizokaushwa kwa draya katika umbali tofauti na zilizoachwa zijikaukie. Draya ya karibu na yenye joto kali iliharibu magamba zaidi. Lakini zilizojikaukia ndizo zilizoonekana kuumia ndani, kwenye gundi inayounganisha chembe za unywele, na watafiti wakahusisha jambo hilo na kukaa na maji kwa muda mrefu. Zile hazikuwa nywele za rilaksa, na zetu hunyonya maji zaidi, kwa hiyo tahadhari inatuhusu hasa. Saa mbili hadi tatu ni sawa. Kutwa nzima si sawa, na kulalia nywele mbichi ni kuomba kukatika na harufu ya uvundo kwenye ngozi ya kichwa.

Hapa hali ya hewa ya Nairobi inaingia. Januari na Februari hewa ni kavu na ncha hukauka mizizi ikiwa bado mbichi; rudisha tone moja la kondishona isiyosuuzwa kwenye ncha kabla ya kuzisuka. Julai, kwenye baridi na mawingu, kichwa kinaweza kukaa kibichi hadi jioni. Osha asubuhi, na zikikaa zaidi ya saa tatu tumia draya kwa hewa ya baridi au ya vuguvugu, ukiishika sentimita kumi na tano kutoka kichwani na kuisogeza bila kusimama. Kuketi juani kwenye baraza si njia ya mkato. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na miale yake ni mikali. Inavunja protini na kupausha rangi. Kaa kivulini, mahali penye hewa inayopita.

Kuanzia wiki ya nane baada ya dawa, mambo hubadilika. Mizizi mipya hujikunja na kuvuta ikikauka, sehemu ya zamani hulala, na pale zinapokutana ndipo unywele hukatika. Usijaribu kuilaza mizizi kwa kuchana tena na tena. Ongeza kondishona kwenye mpaka huo kwa ncha za vidole, na badala ya kuachia urefu uning'inie, suka mabutu sita hadi manane mara skafu inapotoka. Mkao hautakuwa wa nywele za saluni. Nywele zitabaki kichwani, na kwa wiki hizo hilo ndilo la kuangalia.

Zikikauka bado hazijapendeza, zenyewe zitakuambia tatizo. Zikiwa ngumu na zinakatika kwa mlio, tazama kama kondishona isiyosuuzwa ina keratini au neno hydrolyzed karibu na mwanzo wa orodha. Protini kila wiki hujenga tabaka gumu, ipunguze iwe mara moja kwa wiki nne hadi sita. Zikiwa tepetepe, zinavutika bila kurudi, zimekosa protini hiyohiyo. Zikinata na kuwa na ute, glisirini ni nyingi au hukusuuza vizuri. Chembe nyeupe zinazodondoka ukizisugua mara nyingi ni kondishona na jeli zilizogombana, si mba. Changanya vyote viwili kiganjani kabla ya kununua chupa kubwa, na vikijitenga kama maziwa yaliyoharibika, usivitumie pamoja.

Na kama ni ncha tu zinazobaki kavu wakati kwingine kote ni laini, huenda zimeshapasuka. Hakuna mafuta yanayounga ncha iliyopasuka. Kata sentimita moja au mbili zikiwa kavu na zimenyooka, kwa makasi ya nywele, maana ya jikoni huzitafuna na kuzipasua upya.