Kakati za Milima ya Andes: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kakati yoyote ni mmea wa jangwa la joto, na kwamba anayeiweka penye joto usiku na mchana anaitendea wema. Kwa kakati za milima ya Andes hilo si kweli hata kidogo. Oreocereus trollii, ambayo asili yake ni kusini mwa Bolivia na kaskazini mwa Argentina, huota kwenye miteremko iliyo zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ambako jua la mchana ni kali mno na usiku wa kipupwe halijoto hushuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Manyoya meupe yanayoifunika hadi shina lisionekane si pambo. Ndiyo kinga yake dhidi ya jua hilo na baridi hiyo.

Wengine husema baridi ndiyo inayoiua. Ninavyoona, hapa ndipo mimea mingi inapopotea bure, kwa sababu muuaji hasa ni baridi ikikutana na udongo mbichi. Mmea ulioachwa ukauke kabla ya kipupwe hunywea kidogo, utomvu wake huwa mzito, nao hustahimili baridi. Uliolowa huoza kuanzia mizizini, na mwenyewe hugundua pale shina linapobonyea kwa kidole na kugeuka rangi ya kahawia upande wa chini.

Si kweli pia kwamba kijiko cha maji kila juma kinatosha mwaka mzima. Huko Andes mvua nyingi hunyesha kati ya Desemba na Machi, na mimea hukua wakati huo. Katika msimu wa kukua, mwagilia mpaka maji yatoke kwenye tundu la chungu, kisha usirudie hadi udongo wote ukauke. Mchanga laini mtupu nao haufai, kwani hushikamana na kuinyima mizizi hewa. Changarawe na mawe mepesi ya volkano, pamoja na mboji kidogo, ni bora zaidi.

Rebutia, kakati ndogo ya Andes, isipochanua wengi huipa mbolea, ilhali inachokosa ni mapumziko makavu ya baridi, takriban nyuzi 5 hadi 10. Wakazi wa Njombe na Makete wana bahati: Juni hadi Agosti kwao ni kukavu na baridi, sawa na kipupwe cha Andes. Dar es Salaam, penye usiku wa joto na unyevu, kazi ni ngumu zaidi.

Kuhusu mwanga, dirisha la sebuleni halitoshi. Mmea hurefuka, hupauka na kuchongoka nchani, na sehemu iliyokonda hainenepi tena. Uutoe nje, lakini uuzoeze jua taratibu kwa majuma kadhaa, kwa sababu ngozi iliyozoea kivuli huungua, na kovu lake halifutiki.