Kidonge cha kuyeyuka mdomoni: kinayeyuka wapi, na dawa inaingilia wapi?

Hiki ni kidonge unachokiweka juu ya ulimi, kikalowa mate na kusambaratika chenyewe, bila kutafunwa wala kusukumwa na maji. Mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani unataka kisambaratike ndani ya sekunde 30 hivi na uzito wake usizidi miligramu 500. Vigezo vya Ulaya vinakipa hadi dakika 3.

Wengi hudhani kikishayeyuka, dawa imeshafika kwenye damu. Mara nyingi sivyo. Kinachofanyika mdomoni ni kuvunjika tu. Dawa yenyewe unaimeza pamoja na mate, kisha inafyonzwa kwenye utumbo kama ya kidonge cha kawaida. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, ya aina hii haizuii kutapika upesi kuliko ile ya kumeza. Faida yake ni kwamba mtu ambaye hata funda la maji halikai tumboni hahitaji kunywa chochote. Anayepaliwa baada ya kiharusi naye hanusuriki kwa kasi ya dawa, ila kwa kutolazimika kumeza kitu kigumu.

Dawa ya chini ya ulimi ni habari nyingine. Nitrogliserini ya maumivu ya moyo hupenya utando mwembamba wa pale chini na kuingia damuni kabla ini halijaigusa na kuivunja. Asenapini, dawa ya magonjwa ya akili, inaonyesha tofauti hiyo vizuri: ikiwekwa chini ya ulimi, takriban asilimia 35 hufika kwenye damu, ikimezwa, haifiki hata asilimia 2. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asile wala kunywa kwa dakika 10.

Zipo pia za katikati. Selejilini, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, ya kuyeyuka juu ya ulimi hutolewa kwa miligramu 1.25, wakati ile ya kumeza ni 10 kwa siku, kwa sababu sehemu yake hupenyea mdomoni. Usibadilishe aina moja kwa nyingine kwa kulinganisha miligramu tu.

Viwandani, njia rahisi ni kukandamiza unga kwa nguvu ndogo, ukiwa na krospovidoni inayovuta maji na kupasua kidonge kutoka ndani, pamoja na manitoli yenye utamu na ubaridi kidogo. Njia ghali zaidi ni kugandisha dawa ya maji ndani ya kitundu cha pakiti, kisha kuondoa barafu kwa ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa. Kinachobaki ni kitu kama sifongo kavu: mate yakikigusa, sekunde chache kimekwisha.

Sifongo hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi. Ukiisukuma kwa kidole kupitia foili, inatoka unga. Bandua foili kwanza. Ukiishika kwa mkono wenye unyevu, sehemu ya dozi inaweza kubaki kidoleni. Usiihamishie kwenye kikasha cha dozi za wiki, na kuikata vipande viwili sawa ni bahati nasibu. Mwenye mdomo mkavu alowanishe ulimi kwa maji kidogo kwanza.

Lansoprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ina sharti lake. Ndani yake mna chembe ndogo zilizovikwa ganda la kuzikinga na asidi ya tumbo. Ukizitafuna, ganda linapasuka na dawa inaharibika kabla ya kufika kwenye utumbo. Na mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuvunja fenilalanini, asome orodha ya viambato, maana utamu wa vidonge hivi mara nyingi ni aspatamu, ambayo ina fenilalanini.