Kwa nini watu wengi hukataa kuishi miaka 120?

Mwaka 2013 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani watu wazima 2,012 hivi: kama yangekuwapo matibabu ya kupunguza kasi ya kuzeeka, yakamwezesha mtu wa kawaida kufika angalau miaka 120, wewe mwenyewe ungeyataka? Asilimia 56 walisema hapana, na asilimia 38 walisema ndiyo. Hao hao walipoulizwa kuhusu watu wengine, asilimia 68 walidhani wengine wangeyakubali.

Wasidhaniwe kuwa wamechoka na dunia. Walipotakiwa kutaja umri ambao wangependa kufika, jibu la katikati lilikuwa miaka 90, wakati wastani wa kuishi nchini mwao ulikuwa chini kidogo ya 79. Walitaka nyongeza ya kama miaka 11. Nyongeza ya miaka 40 na ushei, ya kufika 120, ndiyo iliyowatisha.

Hofu hiyo tunaifahamu vizuri hata huku kwetu. Waislamu wengi huijua dua ya Mtume ya kujikinga na kurudishwa kwenye umri duni, ule ambao mtu hasahau tu majina bali hata aliyokwisha kuyajua. Zaburi ya 90 inataja miaka 70, au 80 kwa mwenye nguvu, na haifichi kwamba ndani yake mna taabu. Hata tunapomwombea mtu umri mrefu, mara nyingi tunaongeza: wenye afya. Hiyo nyongeza ndiyo yenye uzito, kwa sababu miaka mingi na afya nyingi ni vitu viwili, na tiba tuliyonayo leo ni hodari zaidi katika kutoa miaka. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, mtu aliyezaliwa alitarajiwa kuishi wastani wa miaka kama 73, lakini miaka yenye afya ilikuwa kama 63 na nusu. Pengo linakaribia miaka 10, na sehemu kubwa yake huangukia mwishoni.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu linaanzia kwa Benjamin Gompertz, Mwingereza aliyefanya hesabu za bima. Mwaka 1825 alionyesha kwamba kwa mtu mzima, hatari ya kufa hukua kwa kujizidisha. Kwa binadamu wa leo hatari hiyo huongezeka maradufu kila baada ya takriban miaka 8. Tufanye hesabu. Tuseme mtu wa miaka 40 ana hatari ya asilimia 0.2 ya kufa ndani ya mwaka mmoja, yaani mtu 1 kati ya 500. Akiwa na 48 inakuwa 0.4, akiwa na 64 inakuwa 1.6, akifika 80 ni 6.4, na akifika 104 imepita asilimia 50. Hata tukikubali kwamba hatari inaacha kupanda hapo, kutoka 105 hadi 120 ni kama kurusha sarafu mara 15 na kila mara itue upande unaoutaka: nafasi 1 kati ya 32,768. Ndiyo maana Jeanne Calment, Mfaransa aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164, bado ndiye anayeshikilia rekodi iliyothibitishwa kwa nyaraka.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini kutibu ugonjwa mmoja mmoja hakutufikishi mbali. Wataalamu wa takwimu za uhai wamekadiria kwamba saratani zote zikifutwa kabisa, wastani wa kuishi katika nchi tajiri ungeongezeka kwa takriban miaka 3 tu. Wengi husikia hivyo wakashangaa. Lakini mzee wa miaka 82 aliyeponywa saratani ya utumbo anabaki na moyo wa miaka 82, figo za miaka 82 na ubongo wa miaka 82. Hatari ya demensia, ule ugonjwa unaomwondolea mtu kumbukumbu na utambuzi, huongezeka takriban maradufu kila miaka 5 baada ya umri wa miaka 65. Ukimwokoa mtu na kimoja bila kugusa kingine, unaweza kumpa muda zaidi wa kuugua. Anayejibu "hapana" anaiona picha hiyo, na kwa tiba za leo haoni vibaya.

Wanasayansi wa uzee wanafuata njia nyingine: kuchelewesha kuzeeka kwenyewe. Rudi kwenye hesabu ya Gompertz. Ukiuchelewesha mwili mzima kwa miaka 8, hatari ya kufa katika kila umri inashuka kwa nusu, na magonjwa ya uzeeni yanasogezwa mbele pamoja. Hapo nyongeza ni ya miaka ya kutembea, kulima na kukumbuka majina ya wajukuu.

Je, inawezekana? Kwa wanyama wadogo, ndiyo. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kwamba kuharibika kwa jeni moja kunawafanya minyoo wadogo sana waishi mara mbili zaidi. Mwaka 2009 ilionekana kwamba dawa ya rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, ilirefusha maisha ya panya hata walipoanza kuipewa wakiwa na siku 600, umri unaokaribia miaka 60 ya binadamu. Dawa hiyo huizuia protini iitwayo mTOR, inayoiamrisha seli ikue chakula kinapokuwa tele. Amri ikikatika, seli hugeukia usafi: huvunja sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya.

Ila rapamaisini hupewa watu waliopandikizwa figo kwa sababu inapunguza kinga ya mwili, ili figo mpya isikataliwe. Inaweza kuleta vidonda vya mdomo na kupandisha mafuta na sukari kwenye damu. Mgonjwa wa figo anavumilia hayo ili asiipoteze figo mpya. Kumpa mtu mzima wa afya kwa miaka 30 ni jambo jingine kabisa, na sioni sababu ya mtu kujinunulia dawa hii mtandaoni leo.

Kula kidogo nako kumesifiwa mno kuliko ushahidi unavyoruhusu. Nchini Marekani vituo viwili vilipunguza chakula cha kima wa aina ya rhesus kwa miaka mingi. Kile cha jimbo la Wisconsin kiliona maisha yakirefuka, cha taasisi ya taifa ya uzee hakikuona. Baadaye walilinganisha data na tofauti zikajitokeza: chakula cha Wisconsin kilikuwa na sukari nyingi zaidi, na kima wake wa kulinganishia, wale ambao hawakupunguziwa, walikula zaidi. Kumpunguzia mnyama anayekula kupita kiasi kunasaidia, lakini aliyekwisha kula kwa kiasi hafaidi sana.

Kwa binadamu kikwazo kikubwa ni muda. Huwezi kusubiri miaka 60 ili uhesabu nani amekufa. Mpango wa TAME, jaribio la Marekani la kuchelewesha uzee, ni kuwapa metformini, kidonge kinachojulikana sana katika kliniki zetu za kisukari, watu 3,000 wa miaka 65 hadi 79 na kuwafuatilia kwa takriban miaka 6, kuona kama maradhi ya moyo, saratani na demensia yatachelewa. Umesubiri fedha kwa miaka mingi. Metformini ni ya bei rahisi na haina tena hataza, ile haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, hivyo hakuna kampuni itakayovuna faida kubwa ikifaulu.

Katika utafiti wa Pew, takriban thuluthi mbili waliamini pia kwamba matibabu hayo yangewafikia matajiri tu. Hilo nalo lina msingi. Dawa mseto za kufubaza VVU zilianza kubadilisha maisha katika nchi tajiri mwaka 1996, ilhali Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kuzitoa bure mwaka 2004. Hiyo ni miaka 8 ya mazishi. Dawa za uzee zikija kwa mwendo huo huo, pengo litakuwa la miongo ya maisha kati ya nchi na nchi. Na zikifika kwa wote, umri wa lazima wa kustaafu wa watumishi wengi wa umma Kenya na Tanzania, miaka 60, utamwacha mtu na miaka 60 mingine ya kulipwa pensheni kutoka mfuko ambao haukupangiwa hivyo.

Kwa hiyo ukitaka kumuuliza mzazi wako swali hili, ligawe. Muulize kwanza: ungependa kuishi miaka 120? Kisha: na kama ungekuwa na nguvu na akili za miaka 50 hadi karibu na mwisho? Kisha: na kama ndugu na marafiki zako wangekuwa nazo pia? Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2015, ulilitenganisha suala la afya kwa namna hiyo, na watu walipohakikishiwa afya ya mwili na akili, waliotaka kufika 120 au zaidi waliongezeka sana.