Stelingi si lazima awe shujaa

Kila zinapozungumzwa filamu za kauboi za zamani, na hasa The Searchers ya mwongozaji John Ford iliyotoka mwaka 1956, hoja mbili hurudiwa mpaka zinachosha. Ya kwanza husema kwamba filamu hii haifai kwa sababu stelingi wake ni mbaguzi wa rangi. Ya pili humtetea stelingi huyohuyo kwa madai kwamba, maadamu yeye ndiye stelingi, hapana shaka analolifanya lina sababu njema, na anayelipinga hakuielewa picha. Wenye hoja hizi hujiona mahasimu, ilhali wote wamesimama juu ya kosa moja: wanadhani kuwa stelingi na kuwa shujaa ni jambo moja.

Maana yenyewe haihitaji maelezo marefu. Stelingi, au mhusika mkuu kama wanavyosema walimu wa fasihi, ni yule ambaye mwendo wake ndio mwendo wa hadithi. Anachokitafuta ndicho kinachotusogeza kutoka tukio moja hadi jingine. Hiyo ni nafasi katika muundo wa hadithi. Shujaa ni hukumu tunayoitoa juu ya mtu baada ya kuyapima matendo yake. Mtu mmoja anaweza kuwa vyote viwili, na mara nyingi ndivyo ilivyo, lakini hakuna kinachomlazimisha.

Mchanganyiko huu una historia. Neno stelingi limetokana na neno starring la mabango ya filamu za Kiingereza, ambako lilitangulizwa kabla ya jina la mwigizaji mwenye sehemu kubwa kuliko wengine. Lilikuwa tangazo la biashara, la kumwambia mnunuzi wa tiketi atamwona nani, wala halikuahidi kwamba huyo atakayeonekana ni mtu mwema. Uzito wa wema tuliuongeza sisi watazamaji, katika majumba ya sinema na baadaye katika mabanda ya video, kwa sababu filamu nyingi tulizoletewa, ziwe za kauboi, za Kihindi au za kareti, zilikuwa za namna ambayo anayebeba hadithi ndiye mwenye haki na anayemkabili ni adui basi. Huko ndiko ulikopata nguvu msemo kwamba stelingi hafi. Msemo huo unazifaa sana filamu zile, lakini haujawahi kuwa kanuni ya usimulizi, na sisi tuliokulia katika masimulizi ya Fumo Liyongo tulipaswa kulijua hilo mapema, kwani Liyongo ndiye anayeubeba utenzi wote na bado anauawa kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Neno shujaa nalo, katika Kiarabu lilikotoka, humaanisha mtu jasiri. Ujasiri ni sifa mojawapo tu, na mtu katili anaweza kuwa nayo tele.

Tukimtazama Ethan Edwards, anayeigizwa na John Wayne, tofauti hii inakuwa ya lazima. Hadithi inaanzia Texas mwaka 1868, miaka mitatu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambavyo Ethan alipigana upande wa majimbo ya Kusini yaliyoshindwa. Anarudi nyumbani kwa kaka yake, na muda si mrefu Wakomanche, kabila mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani, wanaivamia nyumba hiyo, wanaua familia na kuwateka mabinti wawili. Mkubwa anapatikana ameuawa. Mdogo, Debbie, anatafutwa kwa takriban miaka mitano, na wanaomtafuta ni Ethan pamoja na Martin Pawley, kijana aliyelelewa katika nyumba ile, ambaye ana damu kidogo ya Wacherokee, kabila jingine la wenyeji hao, na ambaye Ethan hakubali hata mara moja kumwita ndugu.

Mtazamaji aliyezoea kanuni ya stelingi anakaa akisubiri binti aokolewe. Polepole anagundua kwamba Ethan hamtafuti Debbie ili amrudishe nyumbani. Anamtafuta ili amuue, kwa kuwa amekulia kwa Wakomanche na kwa macho yake si mtu wa kwao tena. Filamu haifichi jambo hili. Katika tukio la mapema, Ethan anaifyatulia risasi maiti ya Mkomanche machoni, risasi mbili, na anaeleza sababu yake: kwa imani ya Wakomanche, asiye na macho hawezi kuingia katika nchi ya roho na atatangatanga milele. Mtu huyu anaijua dini ya adui zake vizuri kuliko wenzake wote, na elimu hiyo anaitumia kuwaadhibu hata waliokwisha kufa. Baadaye anaua nyati wengi kuliko wanaohitajika kwa chakula, kusudi Wakomanche wafe njaa. Na pale anapooneshwa wanawake Wazungu waliokombolewa utekani, akili zikiwa zimewaruka, kamera inamsogelea usoni, na kilichomo machoni mwake si huruma hata chembe.

Je, filamu inamsifu? Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu watazame kwa utulivu. Kabla ya uvamizi, Martha, mke wa kaka yake, anaonekana chumbani akilipapasa koti la Ethan kwa mkono, taratibu, kama mtu anayeaga kwa siri, huku mchungaji Clayton, ambaye pia ni kapteni wa askari, akinywa kahawa sebuleni na kuelekeza macho mbele ili asionekane kuwa ameona. Hakuna neno linalotamkwa. Kwa tukio hilo la sekunde chache tunaelewa kwamba Ethan amempoteza mwanamke aliyempenda na asiyeweza kukiri kuwa alimpenda, na kaburi ambalo Debbie anajificha kando yake usiku wa uvamizi lina maandishi yanayosema kwamba mama yake Ethan naye aliuawa na Wakomanche. Yote hayo yanatueleza chuki yake imetoka wapi, na kueleza si kuhalalisha. Kisha filamu inampa kiongozi wa Wakomanche, Scar, sababu ileile: wanawe wawili waliuawa na Wazungu, na kwa kila mmoja anachukua ngozi nyingi za vichwa vya Wazungu. Watu wawili wenye msiba mmoja na dawa moja ya msiba wamewekwa uso kwa uso. Mwisho Ethan anamchuna Scar ngozi ya kichwa, kitendo kilekile ambacho filamu za wakati huo ziliwabebesha wenyeji wa asili peke yao.

Kwamba hatimaye anamnyanyua Debbie mikononi na kumwambia waende nyumbani, badala ya kumpiga risasi, hakumgeuzi kuwa shujaa. Wote wanaingia ndani ya nyumba ya jirani, yeye anabaki nje, mlango unafungwa. Ford angeweza kumwingiza. Katika riwaya ya Alan Le May ya mwaka 1954 iliyozaa filamu hii, mhusika huyo, ambaye humo anaitwa Amos, hafiki hata hapo, maana anauawa kabla ya mwisho. Ford alimwacha hai, na pamoja na hayo akakataa kumpa mahali pa kukaa. Kwa maoni yangu hiyo ni hukumu iliyo kali kuliko kifo.

Watazamaji wamegawanyika tangu zamani, na mgawanyiko huo si aibu kwa filamu wala kwa watazamaji. Ilipotoka haikupendekezwa kuwania tuzo hata moja ya Oscar. Taasisi ya Filamu ya Marekani iliiweka nafasi ya 96 katika orodha yake ya filamu bora za nchi hiyo mwaka 1998, na nafasi ya 12 mwaka 2007, kisha mwaka uliofuata ikaitaja kuwa filamu bora kuliko zote za kauboi za Marekani. Wahakiki walioulizwa na jarida la filamu la Uingereza, Sight and Sound, waliiweka ya 7 duniani mwaka 2012, na ya 15 mwaka 2022. Filamu ni ileile ya dakika 119. Kilichobadilika ni namna watu wanavyomsoma mtu aliye katikati yake.

Kwa hiyo anayeilaumu The Searchers kwa ubaguzi hana haja ya kunyamaza, ila ningemwomba achague ushahidi ulio imara. Aulizie kuhusu Look, mwanamke wa Kikomanche ambaye Martin anampata kuwa mke bila kukusudia, akidhani ananunua blanketi tu. Martin anampiga teke anabingirika mteremkoni, Ethan anacheka, na filamu yenyewe inatutaka tucheke pamoja naye, kabla ya kutuonesha baadaye maiti ya mwanamke huyo katika kijiji kilichoshambuliwa na wapanda farasi wa jeshi la Marekani. Aulize pia kwa nini Scar aliigizwa na Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani, na kwa nini Wakomanche wengi ni Wanavajo wa Monument Valley, bonde la jangwani la Arizona na Utah filamu ilipopigwa, utadhani kabila moja ni sawa na jingine. Katika mambo hayo anayehojiwa ni Ford na studio yake, na hoja inasimama. Akianza kwa kusema tu kwamba stelingi ni mbaguzi, atakuwa ametaja jambo ambalo filamu imetumia karibu saa mbili kutuonesha.