Mungu Anayengoja Kichakani

Mtu akiona picha za Radha na Krishna, mungu wa Wahindu, kwa mara ya kwanza hudhani ni picha za mahaba tu. Hatumlaumu. Msichana yuko msituni usiku, kijana wa rangi ya buluu amechomeka unyoya wa tausi kichwani, na kila tawi limechanua. Lakini waumini wa Krishna humwona Radha kama roho ya binadamu inayomtamani Mungu wake. Uchungu wa kutengana naye wanauita viraha, na hamu hiyo yenyewe ni ibada.

Nyingi kati ya picha hizi zimetokana na Gita Govinda, utenzi wa Kisanskriti uliotungwa na Jayadeva katika karne ya 12. Radha amesusa kwa sababu Krishna anacheza na wasichana wengine wachunga ng'ombe. Shoga yake anakuwa mshenga, huku na huku kando ya mto Yamuna. Na habari anazoleta si ndogo: Krishna naye hajiwezi. Ametandika majani mabichi yawe kitanda. Jani likidondoka anashtuka akidhani ni Radha, anarekebisha tandiko, anarudi kuikodolea macho njia. Mwishowe Krishna anamsihi Radha amwekee mguu kichwani. Mungu, tena!

Mwaka 1730 hivi, Manaku wa Guler, katika vilima vya Himalaya kaskazini mwa India, aliuchora utenzi huu: watu wamesimama mbele ya rangi moja kavu, hawana pa kujificha. Kizazi kilichofuata cha familia yake kinaaminika kuuchora upya miaka ya 1770, na safari hii msitu ndio unaosema. Radha akiwa peke yake, nyuma yake mtambaazi umeukumbatia mti na ndege wamekaa wawili wawili. Binafsi naona huo ndio ukatili mtamu kuliko yote.

Brashi zilikuwa za manyoya ya kindi, na karatasi ilisuguliwa kwa jiwe la akiki upande wa nyuma hadi rangi zing'are. Wachoraji wa Basohli, huko huko vilimani, walibandika hata vipande vya mbawa za mbawakawa mahali pa zumaridi. Picha hizi hazikutundikwa ukutani. Zilishikwa mkononi, karibu na uso, na ukiinamisha karatasi kidogo, kijani kile kinametameta shingoni mwa Radha.