Jasho la Usiku: Dhana Zilizoenea Dodoma na Ukweli wa Kitabibu

Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi na upepo kiasi cha watu kujifunika mablanketi mazito. Ifikapo Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, chumba kilichoezekwa bati bila dari hubaki na joto la mchana hadi usiku mkubwa. Mtu anayeamka na jasho katika miezi hiyo ya joto, au aliyejifunika mablanketi mawili ndani ya chandarua huku madirisha yote yamefungwa, mara nyingi hana ugonjwa wowote. Jasho ambalo matabibu hulitilia maanani ni lile linalolowesha nguo na shuka hadi inabidi zibadilishwe, tena linalojirudia hata chumba kikiwa na ubaridi wake wa kawaida. Jasho la namna hii ni dalili inayoshirikiwa na magonjwa mengi pamoja na hali nyingine zisizo za ugonjwa, na kosa linaloumiza familia nyingi ni kulipa jina moja nyumbani kabla ya kuangalia limeambatana na nini na limedumu kwa muda gani.

Dhana: Jasho la usiku ni malaria, kwa hiyo dawa ya mseto inatosha

Ni kweli kwamba malaria hutoa jasho. Shambulio lake huweza kuanza na baridi na kutetemeka, kisha homa kali, halafu jasho jingi homa inaposhuka. Hata hivyo mambo hayo hutokea mchana kama yanavyotokea usiku, na wagonjwa wengi hawayaoni yakifuatana kwa mpangilio huo. Dodoma, kwa ukame wake, umo miongoni mwa mikoa ya Tanzania Bara yenye maambukizi madogo ya malaria. Ugonjwa huu haujatoweka, hasa kwa mtu aliyerudi karibuni kutoka Kanda ya Ziwa au mikoa ya kusini, lakini uzito wa kupima kabla ya kumeza dawa ni mkubwa zaidi hapa kuliko mahali ambapo malaria imejaa. Kipimo cha haraka kinachotumia tone la damu hutoa jibu ndani ya takriban dakika 20, na zahanati nyingi zinacho. Kikionyesha kuwa hakuna malaria, dozi inayonunuliwa dukani haitatibu chochote. Itakachofanya ni kumpa mgonjwa matumaini ya siku chache wakati ugonjwa halisi unaendelea.

Dhana: Jasho likitoka, ugonjwa na sumu vimetoka

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayopanga kiwango cha joto la mwili. Maambukizi yanapoingia, kiwango hicho hupandishwa na mtu hupata homa. Parasetamoli inapokishusha, mwili hujipoza kwa kutoa jasho, na mgonjwa huamka akiwa mwepesi na mwenye furaha. Homa imeshuka kwa saa kadhaa, lakini vimelea bado viko mwilini. Kwa sababu hiyo, mtu anayemeza parasetamoli kila jioni anaweza kutokwa na jasho kila usiku kwa wiki nyingi huku akiamini anapona. Kazi ya kuondoa sumu mwilini hufanywa hasa na ini na figo; jasho kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi. Kumfunika mgonjwa mwenye homa kwa mablanketi ili “atoe jasho”, au kumfukiza kwa mvuke wa chungu, humwongezea joto na kumpotezea maji, na kwa mtoto mdogo kuna hatari ya kuungua ambayo haina sababu yoyote ya kuwepo.

Dhana: Kifua kikuu humpata anayekohoa damu, tena ambaye hakuchanjwa

Hapa ndipo panapostahili kukaa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na jasho jingi la usiku ni mojawapo ya maswali ambayo mhudumu wa afya humuuliza kila anayehisiwa kuwa na ugonjwa huu. Maswali mengine huhusu kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, kupungua uzito na makohozi yenye damu. Damu huweza kuchelewa kuonekana, na wagonjwa wengi hawaioni kabisa. Tena kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake: kinaweza kushambulia tezi za shingo, uti wa mgongo, tumbo au utando wa ubongo, na mgonjwa wa namna hiyo huenda asikohoe hata kidogo, akawa na jasho, homa za jioni na kukonda tu. Kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumpeleka kupimwa. Hasubiri wiki mbili zitimie.

Kovu la chanjo ya BCG begani huwapa watu wazima utulivu usio na msingi. Chanjo hiyo inayotolewa baada ya mtoto kuzaliwa ina thamani kubwa, kwa sababu huwakinga watoto wadogo dhidi ya aina kali za kifua kikuu, hasa kile cha ubongo, lakini ulinzi wake dhidi ya kifua kikuu cha mapafu ukubwani ni dhaifu. Wapo pia wanaosema ugonjwa huu hurithiwa, kwa kuwa wameuona ukimpata baba kisha mtoto. Wanaoishi nyumba moja huupata pamoja kwa sababu wanavuta hewa moja, na chumba chenye dirisha dogo lisilofunguliwa, iwe katika tembe ya Bahi au katika nyumba ya kupanga Chang'ombe, huhifadhi vimelea hewani kwa muda mrefu zaidi. Mgonjwa anapogunduliwa, walio naye nyumbani wanapaswa kuchunguzwa, na watoto wa chini ya miaka mitano wasio na ugonjwa hupewa dawa za kuwakinga.

Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza, kisha dawa mbili kwa miezi minne inayobaki, na katika vituo vya Serikali hutolewa bila malipo. Jasho mara nyingi hukoma ndani ya wiki chache tangu dawa zianze, na nafuu hiyo ya mapema, inayofurahisha kila mtu nyumbani, ndiyo inayowafanya wengine waziache. Kuacha dawa katikati hufungua njia kwa kifua kikuu sugu, ambacho matibabu yake ni magumu kwa mgonjwa na kwa familia nzima.

Dhana: Maziwa mabichi hayana madhara kwa aliyeyazoea

Kwa mkoa wa wafugaji, dhana hii ina uhusiano wa moja kwa moja na jasho la usiku, ingawa ni wachache wanaouona. Kuna ugonjwa wa bakteria uitwao brusela, ambao wafugaji huujua kwa jina la ugonjwa wa kutupa mimba, kwa maana ng'ombe, mbuzi au kondoo aliyeambukizwa huweza kuharibu mimba. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa ambayo hayakuchemshwa, au kwa kushika kwa mikono mitupu kondo la nyuma na kijusi kilichotupwa. Hupata homa inayopanda na kushuka kwa wiki nyingi, jasho jingi hasa usiku, uchovu, maumivu ya mgongo na ya viungo, na kwa wanaume wengine korodani huvimba. Dalili hizo hufanana na za malaria na za homa ya matumbo, hivyo mgonjwa anaweza kutibiwa magonjwa hayo mara kadhaa bila kupona.

Maziwa ya mgando yaliyotokana na maziwa mabichi hayawi salama kwa sababu tu yameganda. Usalama hutoka kwenye kuchemsha kwanza, ndipo yagandishwe. Anayeishi Kongwa, Mpwapwa au Chemba na kufuga, au anayefanya kazi machinjioni, amweleze tabibu jambo hilo bila kungoja kuulizwa, kwa kuwa maelezo hayo ndiyo yanayomfanya tabibu afikirie kipimo cha brusela. Ugonjwa unatibika kwa antibayotiki mbili zinazotumiwa pamoja kwa takriban wiki sita. Tiba fupi ya siku saba au kumi huacha nafasi ya homa kurudi.

Dhana: Anayetoka jasho usiku tayari ana UKIMWI

Dhana hii imewafanya watu wengi waogope kupima. Jasho la usiku huweza kutokea mwanzoni mwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI au baadaye kinga inaposhuka, lakini hakuna mtu anayeweza kujua hali yake kwa kutazama shuka. Kipimo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, na anayekutwa na maambukizi huanzishiwa dawa zinazofubaza virusi. Anayezitumia dawa hizo vizuri na bado anatokwa na jasho arudi kituoni achunguzwe kifua kikuu kabla ya jambo lingine.

Dhana: Mama wa makamo anayelowa jasho amelogwa, au ana presha

Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, na mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma. Homoni ya estrojeni inaposhuka, ile sehemu ya ubongo inayopanga joto huwa nyepesi kushtuka: badiliko dogo la joto huifanya ifungue mishipa ya damu ya ngozi na kumwaga jasho. Mwanamke huhisi wimbi la joto likipanda kifuani, shingoni na usoni kwa dakika chache, moyo ukienda mbio, kisha hubaki na baridi na nguo zilizolowa. Kwa wengi hali hii hudumu miaka kadhaa. Wapo wanaonyamaza kwa aibu, na wapo wanaopoteza fedha kwa waganga, ilhali matibabu yapo: tiba ya homoni kwa wanaofaa baada ya kuchunguzwa, na dawa nyingine zisizo za homoni kwa wasioweza kutumia za kwanza. Mume anayeelewa kwamba mkewe hamkimbii anapotupa shuka pembeni humsaidia kuliko anavyodhani. Ikumbukwe pia kwamba mwanamke aliyejifungua karibuni huweza kulowa jasho kwa wiki kadhaa kutokana na homoni, ingawa jasho lenye homa baada ya kujifungua ni la kupelekwa kituoni mara moja.

Dhana: Mgonjwa wa kisukari akitoka jasho, sukari imepanda

Dhana hii ni ya hatari. Kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, kuamka na jasho baridi, kutetemeka, njaa, ndoto za kutisha au kuchanganyikiwa mara nyingi humaanisha sukari imeshuka mno. Kama kipima sukari kipo, kipimo cha chini ya 4 (mmol/L) kinahitaji hatua papo hapo. Kama hakipo, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha ale chakula. Asiyejitambua asilishwe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitali. Dozi ya dawa irekebishwe na tabibu, na mgonjwa asiiache kwa uamuzi wake.

Dawa nyingine pia huleta jasho, zikiwemo baadhi ya dawa za mfadhaiko na prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe mwilini. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta jasho pamoja na moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda licha ya kula vizuri. Pombe, iwe mvinyo wa zabibu au gongo, hupanua mishipa ya ngozi na huvuruga usingizi, na mnywaji wa kila siku anayeacha ghafla huweza kupata jasho na mtetemeko unaohitaji uangalizi wa hospitali. Wasiwasi na majinamizi ya baada ya tukio baya huamsha mwili kwa jasho, na kulizungumza na mtaalamu wa afya ya akili hakumfanyi mtu kuwa kichaa. Saratani ya tezi za limfu (limfoma) ni sababu adimu. Huhisiwa zaidi panapokuwa na uvimbe usiouma shingoni, kwapani au kwenye kinena, pamoja na homa na kukonda.

Kuhusu kupunguza adha yenyewe wakati sababu inatafutwa, mambo ya kawaida yana faida ya kweli. Shuka na khanga za pamba hunyonya jasho kuliko vitambaa vya plastiki, na nguo mbili nyepesi ni rahisi kuziondoa moja moja kuliko blanketi moja zito. Dirisha lenye wavu liachwe wazi, na chandarua kiendelee kutumika. Chakula cha jioni kiliwe mapema bila pilipili nyingi, na maji yanywewe ya kutosha mchana, hasa katika hewa kavu ya kiangazi. Hofu ya kwamba kufuta jasho kwa maji usiku huleta nimonia isimzuie mtu; nimonia huletwa na vimelea, na kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu hakina kosa.

Jasho linalojirudia kwa zaidi ya wiki mbili, au lililoambatana na kikohozi, homa, kukonda au uvimbe, lipelekwe zahanati. Mgonjwa aende na vipimo vya joto la mwili vilivyoandikwa kwa siku chache kama ameweza kupima, orodha ya dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji, na maelezo kuhusu mifugo, safari na kama kuna mtu nyumbani anayekohoa. Jasho baridi la ghafla pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au kuchanganyikiwa halisubiri asubuhi. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali usiku huohuo.