Je, wajua kwa nini shule zinahitaji ruzuku ya kulinda nywila?

Nywila ya kompyuta ililelewa chuoni, na chuoni humohumo ikaibwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha MIT kule Marekani kilikuwa na kompyuta iliyotumiwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja na nywila yake na saa alizogawiwa. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu, aliona saa nne kwa wiki hazimtoshi. Akaiagiza mashine ichapishe faili la nywila zote. Ikachapisha, naye akaanza kula saa za wenzake.

Tatizo halijabadilika sana, ila idadi imefura. Septemba 2022 wadukuzi waliingia katika mifumo ya shule za umma za Los Angeles, na watumiaji zaidi ya laki sita wakatakiwa kubadili nywila. Si kwa kubofya ukiwa nyumbani: ilibidi ufike kwenye jengo la shule. Hebu piga picha darasa la watoto wa miaka sita, kila mmoja akitafuta herufi kwenye kibodi, na mwalimu mmoja anayezunguka. Somo la asubuhi limekwisha hapo.

Dawa ipo. Kuna programu inayofungia nywila zote ndani ya sanduku la siri lenye ufunguo mmoja. Kuna mfumo wa kuingia mara moja ukafunguliwa kila kitu. Na kuna uthibitisho wa hatua mbili: baada ya nywila unathibitisha tena, kwa mfano kwa namba iliyotumwa kwenye simu. Shida ni malipo. Zana hizi aghalabu hutozwa kwa kichwa, kila mwaka, na shule ni vichwa vitupu (samahani, vichwa vingi). Tena hakuna mzazi atakayesimama mkutanoni kupongeza wizi ambao haukutokea. Bajeti ikibana, hiki ndicho kinachokatwa kwanza.

Kwa miaka mingi mpango wa E-Rate umezipunguzia shule na maktaba za Marekani gharama za intaneti, kati ya asilimia 20 na 90, lakini kwa upande wa usalama uliishia kwenye ukuta wa kinga (firewall, kizuizi cha wavamizi wa mtandaoni) wa kawaida tu. Ndipo Juni 2024 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ikaidhinisha majaribio ya miaka mitatu yenye dola milioni 200, yakiwemo malipo ya kuthibitisha anayeingia ni nani. Maombi yaliyofika yalikuwa 2,734, yakidai dola bilioni 3.7. Waliochaguliwa ni mia saba na ushee. Kwa shule, kiwango cha bajeti ni dola 13.60 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo ndimo kinga zote zigawane.

Vyuo havimo. Vile vinavyoshughulikia mikopo ya serikali kwa wanafunzi, tangu Juni 2023, vinalazimika kuwa na uthibitisho wa hatua mbili, ila kanuni hiyo haikuja na fungu la fedha.

Na hata shule zilizobahatika zina hesabu ya kupiga: ruzuku ni ya miaka mitatu, leseni hulipiwa kila mwaka. Ankara ya mwaka wa nne itaandikwa kwa jina la shule yenyewe.